Fimbo za gofu zenye maumbo ya ajabu: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Fimbo yenye umbo la ajabu hutibu kosa moja, na mara nyingi huleta lingine. Tumezipanga kuanzia inayomfaa mchezaji wa kawaida zaidi hadi ile ya kupita tu.

1. Puta isiyogeuza uso

Puta ni fimbo ya kuuviringisha mpira hadi shimoni, na uso wake ni upande unaougonga mpira. Egesha shafti (mti wa fimbo) ya puta ya kawaida juu ya kidole chako karibu na kichwa: nyingi zitaning'iniza ncha, yaani upande wa kichwa ulio mbali na shafti. Uzito huo wa ncha huufungua uso ukivuta fimbo nyuma, kisha mikono yako inalazimika kuufunga kabla haijagusa mpira. Kwenye puti (pigo la puta) ya mita moja na nusu, ukichelewa kidogo tu mpira unapita kulia kwa shimo.

Katika puta hizi, zilizopewa umaarufu na kampuni ya L.A.B. Golf, mstari wa shafti unalenga kitovu cha uzito wa kichwa, kwa hiyo uso hauna sababu ya kujigeuza. Mmarekani J.J. Spaun alikuwa na ya aina hiyo aliposhinda US Open, mojawapo ya mashindano makubwa ya gofu, mwaka 2025 katika kiwanja cha Oakmont, akimalizia na puti ya futi 64. Kuijaribu dukani ni rahisi: shika mshikio kwa vidole viwili, uiache ibembee. Ya kawaida itapinda njiani. Hii itakwenda na kurudi uso ukiwa umetulia.

Tatizo lake ni pembe kati ya shafti na ardhi. Msawazo hupimwa kwa pembe maalumu, na fundi akiikunja baadaye kwa ajili ya kimo chako, ule msawazo uliolipia unapotea. Ukinunua ya mitumba, uliza nyuzi zake kwanza. Bei nzuri ya puta iliyopimwa kwa mtu mrefu kuliko wewe si bei nzuri. Mpya nyingi za L.A.B. hupita dola 400. Anayekosa puti ndefu kwa umbali, si kwa mwelekeo, asitarajie msaada hapa.

2. Aironi za urefu mmoja

Aironi ni fimbo zenye namba za kurusha mpira hewani, na kwa kawaida namba ikiongezeka shafti hufupika. Mmarekani Bryson DeChambeau alishinda US Open 2020 na 2024 akiwa na seti ya urefu mmoja. Zote zina urefu wa karibu na aironi 7, takriban inchi 37, kwa hiyo unasimama vilevile na kuuweka mpira palepale kila mara. Anayeanza hujifunza mchapo mmoja badala ya minane.

Ila aironi 4 na 5 zimefupishwa, kasi inapungua, mpira unaruka chini na umbali wake unakaribiana na wa aironi 6. Weji nazo, zile fupi ambazo uso wake umelala zaidi, zimerefushwa, mpira unapaa na kupitiliza. Nunua kuanzia 6 hadi weji, badala ya 4 na 5 tumia haibridi, fimbo yenye kichwa kinene inayopaisha mpira kwa urahisi zaidi. Jihadhari na seti ya kawaida iliyokatwa shafti na kuuzwa kwa jina hili. Seti halisi ina vichwa vya uzito unaolingana. Katika ya kawaida, kila kichwa huzidi kilichotangulia kwa takriban gramu 7, hivyo aironi 4 iliyokatwa itakuwa nyepesi kama ufagio.

3. Chipa

Ina urefu wa puta na mwinamo (ulalo wa uso) wa aironi 7 au 8. Inasaidia mita chache nje ya grini, ile sehemu laini yenye shimo, nyasi zikiwa fupi. Kwenye nyasi za Kikuyu, zilizoenea viwanja vya nyanda za juu za Kenya, mpira huzama na chipa hunasa. Kisheria, fimbo yenye mwinamo unaozidi nyuzi 10 si puta: lazima iwe na uso mmoja na mshikio wa mviringo. Zipo zenye nyuso mbili madukani. Ukipiga nayo mashindanoni unaondolewa. Halafu, aironi 8 uliyo nayo, ukiishika chini na kuisukuma kama puta, hufanya kazi ileile bila kula nafasi kati ya fimbo 14 unazoruhusiwa kubeba.

4. Puta ndefu

Ni ya mwenye mgongo mbovu au mikono inayoshtuka. Tangu Januari 2016 huruhusiwi kuiegemeza mwilini wakati wa kupiga, hata kwa kigasha (mkono kati ya kiwiko na kiganja) kilichobanwa kifuani. Acha mwanya unaoonekana, la sivyo utabishana na wenzako kila shimo.

5. Draiva ya mraba

Draiva ni fimbo ndefu ya pigo la kwanza la mbali. Za mraba zilivuma mwaka 2007, Nike Sumo2 na Callaway FT-i. Pembe zake zilisogeza uzito pembezoni ili kichwa kisipinde mpira ukigonga kisigino au ncha. Hilo lilifanya kazi, lakini mpira unaokata kulia kwa sababu ya uso uliofunguka uliendelea kukata, maana kichwa kigumu kupinda ni kigumu pia kufunga. Sumo2 nayo ililia kama debe. Leo draiva za mviringo zenye ujazo wa sentimita za ujazo 460 hutoa utulivu huohuo, kwa hiyo hata ikiuzwa bei ya kutupa, chukua ya mviringo iliyo kando yake.