Programu yangu ya 2008 kwenye kompyuta mpya: leseni ni ya kudumu, seva haikudumu

Nianze na alama, ili asiye na muda aishie hapa. Programu yenyewe naipa tano kwa tano. Huduma yao ya leseni naipa mbili, na ya pili ni kwa heshima ya mhudumu mmoja tu aliyesoma barua yangu kabla ya kuijibu.

Ni programu ya kupanga kurasa. Niliinunua 2008 ikiwa ndani ya boksi, na sidii yake na kijitabu, leseni ya kudumu ya kompyuta mbili. Humo nimepanga majarida, kadi za harusi na vitabu vya watu. Mafaili yake ni ya aina yake peke yake. Kila programu nyingine niliyojaribu kuyafungulia ilivuruga aya au ilikataa kabisa. Kwa hiyo nilipohamia kompyuta mpya yenye Windows 11, kuiacha halikuwa jambo la kufikiria. Walioniambia ninunue mpya wamesahau kwamba siku hizi toleo lake jipya halinunuliwi, linakodishwa kwa mwezi. Siku ukishindwa kulipa, kazi zako unaziona majina tu.

Kompyuta mpya haina pa kutumbukiza sidii. Nilirudi kwenye ile ya zamani, nikaigeuza sidii nzima kuwa faili moja la ISO na kulihamisha kwa flashi. Tangu Windows 8, faili la namna hiyo hufunguka kwa kubofya mara mbili tu, bila programu ya pembeni. Hapo sikupata shida.

Shida ilianza kwenye namba ya leseni. Kibandiko cha kwenye kijitabu kilikuwa kimefifia, na aliyechagua maandishi yale alihakikisha 8 na B ni mapacha, na sifuri na O ndiyo usiseme. Nilikosea mara nne. Kilichoniokoa ni baruapepe ya usajili ya mwaka ule ule, ambayo sikuwahi kuifuta kwa uvivu tu.

Kusakinisha kwenyewe kulikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Windows ilidai .NET Framework 3.5, kifurushi cha Microsoft ambacho programu nyingi za zamani hukitegemea, nikairuhusu ijipakulie. Sidii yangu nyingine ndiyo iliyogoma, ile ya picha na mapambo, ya miaka ya tisini. Kisakinishi chake ni cha biti 16, yaani cha enzi za Windows za zamani, na Windows ya biti 64 haiendeshi kitu cha biti 16 hata uibembeleze vipi. Kuchezea mipangilio ya utangamano (compatibility) ni kupoteza muda. Nilifungua sidii, nikakuta picha zenyewe zimekaa kwenye mafolda ya kawaida, nikazinakili kwa mkono. Kisakinishi sikukihitaji kamwe.

Kisha likaja suala la kuamilisha leseni, yaani programu kuiuliza seva ya kampuni kama leseni yangu ni halali. Nilibonyeza kitufe, programu ikafikiri weee, halafu ikaniambia nikague intaneti yangu. Intaneti ilikuwa nzima. Seva ndiyo haikujibu. Kampuni iliyoitengeneza ilishauzwa kwa nyingine, na hao wapya wakaizima seva ya matoleo ya zamani. Nikasema basi niiondoe leseni kwenye kompyuta ya zamani kwanza, kama kijitabu kinavyoelekeza. Na kuiondoa nako kunahitaji seva ile ile! Hapo nilicheka peke yangu.

Nikawaandikia. Jibu la kwanza lilianza na "Mpendwa mteja" na kuishia kwenye bei za kukodi toleo jipya. Nilituma tena, safari hii na picha ya risiti, ya kibandiko na ya sentensi ya mkataba inayosema leseni haina mwisho. Baada ya siku nne akajibu mtu mwingine. Aliniambia nichague kuamilisha bila intaneti, nimtumie namba ndefu iliyotokea kwenye skrini, naye akanirudishia namba ya kujibu. Nikaiandika, ikakubali. Hatua ya dakika mbili iliyokuwepo muda wote, ila hawakuiandika popote pa mteja kuiona.

Sidai wafanye muujiza. Adobe ilipozima seva za kuamilisha CS2, kifurushi chake cha zamani cha programu za usanifu, mwaka 2013 ilitoa matoleo yasiyohitaji kuamilishwa kwa walioinunua. Njia ipo, ni kuamua tu.

Sasa inafanyaje kazi? Kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Kitabu cha kurasa mia tatu kinafunguka kabla sijashika kipanya sawasawa. Vitufe vilikuwa vidogo kama punje za mtama kwenye skrini hii kali, hadi nilipoingia kwenye sifa za faili la programu, sehemu ya utangamano, nikaiachia Windows yenyewe kazi ya kukuza. Sasa vinaonekana, ingawa maandishi yana ukungu kidogo. Printa yake ya kutengenezea PDF imekufa, maana draiva yake ni ya biti 32, na Windows hii ya biti 64 haiikubali. Natumia ile inayokuja na Windows. Kwa kazi za kawaida inatosha, kwa kazi ya kupeleka kiwanda cha uchapaji rangi zinanitia wasiwasi.

Ukitaka kufuata njia hii, usiifute kompyuta ya zamani kabla mpya haijakubali leseni. Na namba niliyopewa imefungwa na mashine hii: nikibadilisha ubao mama, nitaanza upya kuomba, nikitumaini yule mhudumu bado yupo. Ndiyo maana ile ya zamani sijaiuza. Iko chini ya meza, betri imevimba nikaitoa, inaishi kwa waya wa umeme, na programu ndani yake inafunguka bila kuniuliza kitu.