Gari lako kuukuu, oili ipi? Kuanzia ninayoiweka mi mpaka ile usiyoigusa

Ukifika gereji yoyote ya Dar na gari la miaka ishirini, hata hujazima, fundi anakuambia "hii weka nzito tu bosi, twenti fifti". Hajachomoa stiki ya kupimia oili, hajafungua kifuniko, hajauliza linakula oili au halili, kaona tu pleti ni namba B, yaani gari la siku nyingi, basi kashamaliza hesabu.

Na mi nilikuwa naitikia. IST yangu, ile yenye injini ya 1NZ, niliipokea na kilomita 98,000 kwenye dashibodi (za kweli au walizirudisha nyuma anajua Mungu), saa hizi imepita 240,000, na karibu miaka miwili nimeimwagia 20W-50 kwa sababu fundi kasema. Asubuhi ukiwasha inalia krrrr, sekunde mbili tatu, afu inanyamaza kama hamna kilichotokea. Nikaambiwa cheni imekwisha, andaa hela. Kabla sijaiandaa nikampitia mzee mmoja mtaa wa Gerezani hapa Dar, akasikiliza, akauliza swali moja tu: "umeweka oili gani humu?" Tukamwaga, ikaingia 10W-40, siku ya pili kelele ikapungua, wiki ikafika imepotea na cheni ni ile ile mpaka leo. Sisemi kila kelele ni oili, cheni kweli zinaisha, ila anza na kitu cha bei ndogo kwanza.

Sasa zile namba. Ya kwanza, ile yenye W, inakuambia oili inatiririka vipi injini ikiwa imepoa, ikiwa ndogo inawahi kufika juu. Ya pili ni uzito wake injini ikishachemka, wanapima kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo 10W-40 na 20W-40 zikishapata moto ni ndugu, tofauti yao ni pale asubuhi unapopiga staa. Na injini za VVT-i (zile za Toyota zinazobadili zenyewe muda wa valvu kufunguka) zinataka oili iwahi, maana ule mfumo wa valvu unasukumwa na presha ya oili inayopita kwenye vitundu vidogo na kichujio cha wavu mdogo kabisa, na kikazia cheni nacho kinasukumwa na oili hiyo hiyo. Dar hakuna baridi ya kugandisha kitu, 20W itafika, ila itachelewa kidogo kila siku. Ukiwa Njombe au Makete mwezi wa saba alfajiri hiyo "kidogo" si kidogo tena.

Herufi za nyuma ya dumu ndo watu wengi hawasomi kabisa. Tafuta herufi mbili zinazoanza na S, S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndo oili mpya zaidi: SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020, na mpya inafaa kwenye injini ya zamani bila shida. Gari za 2003 zilizaliwa enzi za SL, kwa hiyo ukipata SN umeshavuka. Ila angalia, mpaka leo kuna madumu mazuri yanang'aa, yana picha ya gari la mashindano, afu nyuma yameandikwa SF. SF ni ya injini za miaka ya 80! Ukiona hivo rudisha kwenye shelfu, hata kama muuzaji anakuapia.

Kabla hujanunua chochote ijue injini yako kwanza. Asubuhi gari likiwa sehemu tambarare, halijawashwa, chomoa stiki, ifute, ichomeke, ichomoe tena, uandike ilipo na kilomita. Rudia kila wikiendi. Kwenye injini nyingi ndogo kutoka alama ya juu mpaka ya chini ni karibu lita moja. Ikishuka nusu lita ndani ya kilomita 5,000 mi silali macho, ni uzee. Ikimaliza lita kwenye 1,500 hapo kuna jambo, na moshi utakuambia: bluu ukiwasha tu asubuhi afu unaisha, hizo ni valvu sili, bluu ukikanyaga mafuta kupandisha, ringi za pistoni. Ukifungua kifuniko ukakuta kitu kama chai ya maziwa hiyo si habari ya oili tena, ni maji yanaingia, mara nyingi gasketi ya silinda hedi, usiendeshe.

Haya, tuje kwenye kununua.

Ya kwanza kwangu ni 10W-40 semi-sintetiki (mchanganyiko wa sintetiki na ya kawaida), SN kwenda juu. Kwa Vitz, IST, Corolla, Carina, Premio, RAV4 za zamani zenye kilomita 150,000 mpaka 250,000 na haziishiwi oili ovyo, mi sitafuti kingine. Asubuhi inawahi kupanda, mchana kwenye foleni ya Mbagala ukiwa umesimama nusu saa na ac imewaka haiwi maji, na bei haitishi. Zipo za kila kampuni kubwa, Total Quartz 7000, Shell Helix HX7, Castrol Magnatec, usigombane na mtu kuhusu jina, zote zikiwa halisi zitafanya kazi. Ikiwa halisi, nasema tena, ntarudi hapo. Mwaga kila kilomita 5,000, na kama gari lako linakaa foleni zaidi ya linavyotembea mwaga 4,000, maana kilomita hazisogei lakini injini inazunguka tu.

Ya pili, sintetiki kamili ya 5W-40. Ni bora kuliko ya kwanza, sitabisha, inavumilia joto na haitengenezi utope haraka. Nimeishusha kwa sababu ya hela tu, unaweza kukuta ni karibu mara mbili, na kama injini inavuja kwenye sili ya kranki au tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) hiyo hela inadondoka chini parkingi. Injini kavu, haivuji, haili, na mwenyewe unasafiri sana, mfano unapanda mlima Kitonga kila mwezi na mizigo, nunua hiyo usahau ya kwanza. Kuna maneno kwamba sintetiki "inafungua" uvujaji kwenye gari la zamani. Ukweli ni kwamba sili ilishachoka ila uchafu ulikuwa umeziba, oili safi ikausafisha ule uchafu, sasa nani wa kulaumiwa hapo?

Ya tatu ni 15W-40 ya kawaida. Hii ni ya mtu ambaye hela imebana na hakuna aibu, oili ya kawaida iliyomwagwa kwa wakati inaishinda sintetiki iliyokaa mwaka mzima. Ila hapa kwa wakati ni 3,000 mpaka 3,500, siyo "nikipata mshahara". Na kuna wanaoweka ile 15W-40 ya malori kwenye petroli wakisema inasafisha. Inasafisha kweli. Soma tu nyuma, ikiwa imeandikwa mfano CI-4/SL, zote mbili, ni sawa, ikiwa na C peke yake iache kwa wenye Fuso. Na kama gari lako bado lina masega kwenye ekzosi, yale ya kusafisha moshi (na linakula oili kidogo), zile dawa nyingi za oili ya dizeli zinayachosha.

Kuna oili zimetengenezwa kabisa kwa ajili ya gari la kilomita nyingi, zimeandikwa "high mileage", Valvoline MaxLife ndo ya zamani zaidi kwenye soko hilo, zina kitu cha kulainisha na kuvimbisha kidogo sili za mpira zilizokauka. Zinasaidia jasho, zile sili zinazolowana tu. Sili iliyochanika haisaidiwi na dumu lolote. Ukiikuta dukani kwa namba inayokufaa chukua, ila usiisake mji mzima.

Ya mwisho inayoruhusiwa: 20W-50. Siichukii, ina kazi yake. Shemeji yangu ana Opa ya 1ZZ, zile za mwanzo, na hizo zinajulikana, pistoni zilitobolewa vitundu vidogo vya kurudishia oili, vikiziba kwa utope ringi zinakwama na oili inapanda inaungua. Yake ilikuwa inamaliza lita kila 1,000. Tulianza na kile kivalvu cha hewa kwenye tapeti kava, PCV, bei yake ni ya soda chache tu, kilikuwa kimeganda kabisa ukikitikisa hakilii, tukabadilisha, kikapunguza kiasi. Afu ndo tukaweka 20W-50 na sasa anaongeza lita kila 1,800 hivi. Anajua anachofanya, anasubiri hela ya kufumua injini, oili nzito inamnunulia miezi. Tofauti ni hiyo, yeye ameiweka kwa sababu anajua injini inakula, si kwa sababu gari ni namba B.

Usizoziweka: oili ya namba moja tu, "forte" kama wanavyoiita, hiyo achia mashine ya kusaga. Ya kupimiwa kwenye pipa, ukamiminiwa kwenye chupa ya maji, hapana. Na 0W-20 hata kama ndugu yako kaitoa kwenye gari lake jipya kakupa bure, injini yenye nafasi zilizoshapanuka itaipitisha kama chai. Na ile dawa ya kusafisha injini, unaimimina dakika kumi afu unamwaga, kwenye injini yenye utope mwingi usithubutu, utope unabanduka vipande vinaenda kuziba wavu wa pampu chini kwenye sampo, lile bakuli la oili, na hapo unaua injini iliyokuwa nzima. Ukitaka kusafisha, mwaga oili mara mbili, kila moja baada ya kilomita 1,500, na filta mpya kila mara. Taratibu.

Sasa feki. Niliwahi kununua dumu kwenye duka moja, sitalitaja, kifuniko kimefungwa vizuri kabisa ila nilivyokifungua ile karatasi ya fedha ya mdomoni ilikuwa imebandikwa na gundi, pembeni imejikunja, na oili ndani ina harufu ya kuungua. Toka siku hiyo nanunua kwenye sheli ya kampuni yenyewe au kwa wakala niliyemzoea, naangalia namba ya toleo kwenye dumu, nakwangua ile namba ya siri ya kuhakiki kama ipo, na nafungua mi mwenyewe mbele ya fundi. Na dumu likiisha natoboa tako kwa bisibisi hapo hapo gereji kabla sijaondoka. Fundi mmoja alininunia kweli, aliniambia "ungeniachia bana nauza", nikajua ni yapi yanajazwa tena.

Filta usibane, nunua nzuri, kila sevisi. Na washa ya nati ya sampo ni hela ya pipi, wengi wanairudishia ile ile afu wanashangaa tone kila asubuhi.

1NZ ukibadilisha na filta inachukua lita 3.7. Dumu ni lita 4. Hiyo mililita 300 inayobaki fundi atakuambia "tuimalizie tu bosi isipotee", mwambie aache. Yangu inakaa kwenye buti, nyuma ya jeki, imefungwa na kipande cha gazeti, na mpaka sevisi inayofuata inakuwa imeshaingia kidogo kidogo yote.