Seti ya diski tatu za Innova DX: inavyofaa kwenye viwanja vidogo vya miti mjini Kampala

Anayeanza gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski hadi itue kikapuni kwa mirusho michache, hahitaji kubeba begi zima chini ya miti ya mjini. Pakiti hii ya kampuni ya Innova ina diski tatu za plastiki ya DX: Aviar ya kumalizia, Shark ya masafa ya kati na Leopard ya masafa marefu. Zinatosha kabisa kuzunguka vikapu tisa. Na pale ambapo kikapu kiko mita 40 hadi 70 tu, kazi kubwa itafanywa na moja, nayo ni Aviar.

Sababu ni namba nne ambazo kampuni huipa kila diski: mwendo, kuelea, kupinda na kurudi. Aviar ni 2, 3, 0, 1. Shark ni 4, 4, 0, 2. Leopard ni 6, 5, -2, 1. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa kuvuta diski kutoka kifuani, namba ya tatu ikiwa chini ya sifuri diski hupinda kulia ingali na kasi. Ya nne inaonyesha itakavyovutwa kushoto ikichoka. Aviar hunyooka hata ukiirusha taratibu, kwa hiyo hupita kati ya mfenesi na mwembe bila kukulazimisha kutumia nguvu. Leopard hudai kasi na mkono uliolala sawasawa. Ukiiachia ikiwa imeinama upande wa kulia, haitarudi. Itaendelea kupinda mpaka vichakani.

Kampala iko takribani mita 1,200 juu ya bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Diski hupinda kidogo pungufu na kurudi kushoto mapema kuliko pwani ya Mombasa. Tofauti si kubwa, lakini kwenye Shark inaonekana: lenga shina la kulia la mwanya, usilenge katikati.

Kosa linaloharibu mchezo chini ya miti ni kuiachia diski pua, yaani ukingo wake wa mbele, ikiwa juu. Hupanda, hugonga matawi, hudondoka mita 15 mbele yako. Dawa yake ni kushusha kifundo cha mkono kidogo, kama mtu anayemimina chai, na kuvuta kwenye mstari wa kifua bila kuinua bega. Usikimbie kabla ya kurusha. Hatua moja inatosha. Shabaha iliyo mbali ya mita 60 inafikiwa kwa Shark na nusu ya nguvu, na nusu ya nguvu ndiyo inayokwepa mti wa kwanza. Huo wa kwanza, ulio mita 8 au 10 mbele, ndio unaokula alama nyingi kuliko yote.

Plastiki ya DX ndiyo ya bei nafuu ya kampuni hii, na ubora wake mkubwa ni mshiko. Hata mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, vidole havitelezi sana, mradi ubebe kipande cha kanga kikavu. Futa udongo mwekundu ndani ya ukingo kila baada ya kurusha, kwa sababu tope la upande mmoja huifanya diski iyumbe. Udhaifu wake ni kulika. Kila inapogonga gome, ukingo hupata mikwaruzo, na kadiri unavyolika diski hupinda kulia zaidi. Leopard huharibika mapema kuliko nyingine. Vijipande vilivyochomoza vilainishe kwa msasa laini. Kanuni za PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu, zinaruhusu kusugua kiasi kwa ajili ya mikwaruzo.

Usiiache diski ndani ya gari juani. Umbo lake likipindika, itumbukize kwenye maji ya moto dakika chache, ilaze juu ya meza, weka kitu kizito juu yake hadi ipoe.

Kuhusu uzito, wengi huchukua 175 g wakidhani nzito ndiyo bora. Kwa anayeanza, 160 hadi 168 g huruka vizuri zaidi kwa mkono ambao bado hauna kasi. Mtoto apewe 150 g. Rangi nayo ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri: kijani hupotea nyasini, njano hufanana na majani makavu ya mwembe. Chagua pinki au buluu. Diski ikinasa juu, tumia kingoe cha kuangulia maembe; jiwe hupasua ukingo na huweza kumwangukia mpita njia.

Kwa kuwa viwanja vya mjini hukatizwa na vijia vya watu na boda, mmoja wenu asimame mbele kwenye njia na kuinua mkono pakiwa salama. Shark ikimgonga mtu usoni inaumiza vibaya.

Ukiiagiza pakiti hii kutoka nje, uliza bei kamili pamoja na usafiri na ushuru hadi Entebbe kabla ya kulipa. Fedha ikibaki, ongeza Aviar ya pili, uache zile diski za mwendo wa 11 au 12. Mbili zinazofanana hukuwezesha kufanya mazoezi ya kurusha mara mbili toka mita 8 bila kwenda kuokota. Simama nyuma ya alama ya mahali diski ilipotua, miguu ikiwa imetulia, maana ndani ya mita 10 kutoka kikapuni hairuhusiwi kuangukia mbele. Andika namba yako ya simu chini ya kila moja kwa wino usiofutika.