Darasa la mapambo nililosoma Sinza: waya ndiyo iliyonirudishia pesa

Nilipomwambia shangazi kwamba nimelipa laki mbili na nusu kwenda kufundishwa kutunga shanga, alicheka mpaka akashika ukuta. "Za kiunoni? Hizo si ungekuja tu hapa nikakufundisha bure?" Nikamwambia si za kiunoni, ni hereni, bangili na pete, na waya na shaba humo humo. Akaguna.

Darasa lenyewe ni la Jumamosi nane, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, kwenye uwa wa nyumba moja Sinza. Jina silitaji, kwa kuwa yaliyonikera nimeshamwambia mwalimu ana kwa ana, na kwa sehemu kubwa nimetoka pale nimeridhika. Tulikuwa wanafunzi 11.

Shanga zilichukua Jumamosi mbili, na kama unajua kushika sindano hutashangazwa na mengi. Nilichobeba ni namba: kadiri namba ya ushanga inavyopanda, ndivyo ushanga unavyokuwa mdogo. Namba 11 ni kama milimita mbili, namba 8 ni kama tatu. Nimenunua kinyume mara ngapi Kariakoo, sijui. Siku ya pili alialikwa yeyo mmoja wa Kimaasai, akatuonyesha anavyopanga shanga kwenye waya duara juu ya duara, na vipande vyembamba vya ngozi katikati vya kushikilia mistari isipandane. Mimi nilikuwa nahesabu shanga kwa midomo, yeye anapima kwa shubiri huku anapiga soga, na ya kwake ndiyo ilikaa sawa.

Kilichonirudishia pesa ni waya.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwa video za simu, na hereni zangu zilipendeza kwa mbali. Mteja wangu wa kwanza, jirani, alinirudishia jozi baada ya wiki: ndoano ilinasa ushungi kila alipouvua. Nikailaumu waya. Mwalimu aliichukua ile hereni, akachomoa pamba kidogo kwenye kopo, akaipitisha taratibu juu ya ndoano. Nyuzi za pamba zikabaki zimening'inia pale nilipokata. "Hapo ndipo sikio la mtu linapochanika," akasema, akaniwekea tupa mkononi.

Ndoano ya hereni ukiiona dukani hudhani ina kazi. Unakata waya ya geji 20, yaani milimita 0.8, urefu wa sentimita tano hivi. Ncha ya kuingia sikioni unaipiga tupa ndogo, kisha msasa laini, huku unaizungusha vidoleni mpaka iwe butu pande zote. Ncha ya pili unaikunja kwa plaizi ya mdomo wa duara iwe kijicho cha kuning'inizia mapambo. Kisha unaizungushia kwenye kalamu nene, ile ya ubao mweupe, ipate pindo lake. Hapo wengi tulidhani tumemaliza. Bado: unailaza juu ya kipande cha chuma na kuligonga lile pindo kwa nyundo, kidogo kidogo. Waya ikigongwa inakakamaa. Isipogongwa, hereni inajinyoosha yenyewe ndani ya mkoba. Ukiikunja na kuikunjua pale pale mara kadhaa, inakatika. Dawa ya waya iliyokakamaa kupita kiasi, kabla haijakatika, ni kuipasha moto mpaka iwe na wekundu uliofifia, kisha maji, inarudi laini kama mwanzo.

Jumamosi ya tatu nilitengeneza ndoano 26. Pamba ilipitisha sita.

Sasa lawama. Ada haijumuishi vifaa. Kuna boksi la elfu sitini ambalo unashauriwa kulinunua pale pale. Mimi nililinunua, wewe usilinunue. Plaizi zake zina meno kwa ndani kama za fundi umeme, kila ukishika waya zinaacha alama. Wiki mbili nilizifunga plasta ya kidonda mdomoni, mpaka nilipopata Kariakoo isiyo na meno kwa elfu kumi na mbili. Na shanga za kioo za humo zimepakwa rangi juu juu. Bangili yangu ya kwanza niliivaa siku moja tu, na joto la Dar mnalijua: jioni kifundo cha mkono kilikuwa cha buluu na shanga zimekuwa nyeupe. Siku hizi nikienda kununua naomba punje chache kwanza, naziloweka kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, rangi isipotoka ndipo narudi kuchukua za kutosha.

Upande wa kulehemu ulikuwa wa haraka mno. Mtungi wa gesi mmoja, watu 11, miwani miwili ya kukinga macho. Nilipata zamu mbili kwa Jumamosi mbili. Pete yangu ya kwanza ya shaba nyekundu haikuunga. Lehemu iliyeyuka ikawa kijipunje kinachobingirika juu ya pete, hakishiki popote. Kumbe nilikuwa naichoma lehemu badala ya kuipasha pete nzima, maana lehemu hukimbilia penye joto. Na miisho yangu haikugusana sawasawa. Lehemu haizibi pengo, hata ukipaka boraksi, ule unga wa kusaidia lehemu itiririke, kopo zima. Ya pili iliunga, ikatoka motoni nyeusi tii, tukaisugua kwa ndimu na chumvi mpaka ikang'aa.

Dada mmoja alileta pete ya mama yake yenye tanzanaiti akitaka iongezwe upana. Mwalimu alikataa kuisogeza karibu na moto. Jiwe lile likipata joto la ghafla linapasuka, lazima litolewe kwanza. Kukataa kule kuliniongezea imani naye.

Jumamosi ya mwisho tulipelekwa kwa sonara mmoja mjini, Mtaa wa Indira Gandhi. Saa nzima nilimwangalia akivuta waya kwenye bamba la matundu, tundu kubwa, kisha dogo, kisha dogo zaidi. Chini ya meza yake kuna ngozi imetundikwa kudaka vumbi la tupa, na hakuna aliyeruhusiwa kuikung'uta.

Kama unataka kuuza hereni na bangili, lipa, ila nenda na plaizi yako. Kama shida yako ni pete za kulehemu, tafuta fundi akuchukue mwanafunzi. Mimi sasa nauza jozi kwa elfu nane, na kopo la pamba liko mezani. Shangazi ameagiza jozi ya pili. Ya kwanza hajalipa.