Uzoefu wangu na SpamAssassin: Twinomujuni si kamari

Ninasimamia seva ya barua pepe ya kampuni ya uwakala wa forodha hapa Kampala. Mizigo ya wateja wetu inashuka Mombasa na kuingia kupitia Malaba, kwa hiyo barua ya mteja ikizama kwenye folda ya spamu, kontena linabaki bandarini na gharama zinapanda. SpamAssassin, programu inayochuja barua taka kwa kuzipa alama kulingana na kanuni, ni ya bure, na kwa kazi hii naipenda kwa dhati. Ila kanuni za kujitungia zinataka umakini.

Fundi aliyenitangulia aliacha kanuni mbili za kuzuia matangazo ya kamari: moja inasaka "win", nyingine "bet", kila moja alama 3. Kikomo cha kawaida cha programu ni 5: barua ikifikisha jumla hiyo inaitwa taka. Sasa tazama majina ya watu wetu. Twinomujuni lina "win" katikati, na Kibet, jina la kawaida kule Kapchorwa, linaishia na "bet". Barua ya ankara inayowataja wote wawili inagonga 6 na kuitwa taka, na hakuna aliyecheza kamari!

Dawa ya kwanza ni \b, ishara ya mpaka wa neno, kila upande wa neno: /\bwin\b/i. Hapo programu inalikamata neno likisimama peke yake tu. Lakini hata hivyo neno moja halitoshi kuihukumu barua. Nilizigeuza zote mbili kuwa kanuni ndogo, ambazo majina yake huanza na mistari miwili ya chini na hazina alama zenyewe, kisha nikaziunganisha kwa "meta", yaani kanuni inayojumuisha nyingine, inayotoa alama pale tu zinapotimia zote.

Kabla ya kuipa kanuni mpya nguvu, naipa alama 0.001. Inafanya kazi, jina lake linaonekana kwenye X-Spam-Status, mstari wa matokeo kwenye kichwa cha barua, lakini haimuumizi mtu. Naziangalia barua halali ilizozigusa, narekebisha, ndipo napandisha. Na naendesha spamassassin --lint, amri ya kukagua makosa, kila ninapogusa local.cf, faili la mipangilio, bila kukosa.

Kinachonikera ni Bayes, sehemu ya programu inayojifunza kutokana na barua: haianzi kuamua mpaka ifundishwe barua taka 200 na halali 200. Ofisi ndogo itasubiri. Ifundisheni kwa barua zenu wenyewe, zenye Kiswahili, Kiingereza na Luganda vikichanganyika, maana ndivyo tunavyoandikiana.

Kwa wateja wa kudumu, toleo la 4.0 lina welcomelist_auth, inayompitisha mtumaji aliyethibitishwa kwa SPF au DKIM, njia za kuhakiki kuwa barua imetoka kweli inakodai. Iteueni hiyo badala ya welcomelist_from, inayoangalia anwani tu, kwa kuwa anwani ya mtumaji inaghushiwa kirahisi mno.