Ruger PC Carbine: bunduki fupi ya risasi za bastola
Kwa mtu anayeishi Marekani na anayetafuta bunduki fupi ya nusu-otomatiki inayotumia risasi za bastola za milimita 9, ningemshauri aanze kwa kuiangalia Ruger PC Carbine, iliyotangazwa mwishoni mwa 2017. Kinachonivutia zaidi ni sehemu ya kupachikia magazini (kisanduku cha risasi), ambayo hubadilishwa ili ipokee magazini za baadhi ya bastola za Ruger au za kampuni ya Glock. Kwa hiyo mwenye Glock ya milimita 9 kama Glock 17 au 19 hutumia magazini zilezile kwa silaha zote mbili. Bolti yake, yaani kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, haifungamani na mtutu wakati wa kufyatua, bali huzuiwa na uzito wake pamoja na springi, na ndani yake mna kipande cha tungsteni kinachofupisha mwendo wake na kupunguza kishindo begani. Mtutu wa inchi 16 huchomolewa bila kifaa chochote, jambo linalorahisisha usafishaji na kuihifadhi kabatini chini ya kufuli, mahali ambapo kila silaha ya nyumbani inapaswa kukaa. Uzito wa takriban kilo 3 ni mkubwa. Kel-Tec SUB2000, bunduki nyingine ya aina hii, ni nyepesi zaidi na hukunjwa katikati, lakini kwa mazoezi marefu ya shabaha ninaipendelea Ruger, kwa kuwa uzito uleule hutuliza mkono.