Turbo ya kununua kwa Subaru yako: anza na njia ya oili

Turbo yangu ya pili, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ilikufa nikipanda mlima wa Salgaa, wiki tatu baada ya kufungwa. Nilikuwa nimeilipia shilingi 48,000, mtumba wa Japani, na muuzaji aliizungusha shafti kwa kidole mbele yangu nione ilivyo laini. Kwanza ulitoka mlio mwembamba kama wa filimbi. Kisha nikaona kiooni moshi wa buluu umelifunika lori lililokuwa nyuma yangu. Tangu nisimulie kisa hicho nimeletewa malalamiko ya aina hiyo kutoka Kisumu na Kakamega, na wote wanauliza turbo gani ni nzuri. Hakuna hata mmoja aliyeuliza oili inaifikiaje.

Fundi wangu hapa Nakuru hakuanza na turbo. Alifungua bolti iliyoshika paipu ndogo ya oili, ile yenye tundu katikati, akaipangusa kwa kitambaa na kunipa. "Madam, chungulia uone kama kuna mwanga." Hapakuwa na mwanga. Injini nyingi za Subaru za aina ya EJ zenye turbo na AVCS (mfumo unaobadilisha wakati wa vali kufunguka) zina kichungio cha wavu ndani ya bolti hiyo, kidogo kuliko ncha ya kidole cha mwisho. Changu kilikuwa kimejaa uchafu mweusi, mgumu kama lami ya zamani, hata sindano ilikataa kupita. Turbo ya kwanza ilikufa kwa ukosefu wa oili, nasi tukafunga ya pili kwa bolti ileile. Hilo bado linaniuma.

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isisuguane na beringi ni utando mwembamba wa oili. Huku kwetu juu kazi yake ni kubwa zaidi. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yake ina takriban asilimia 80 tu ya mgandamizo wa Mombasa. Ukitaka injini ipate hewa ileile ambayo gari la Mombasa hupata kwa busti (msukumo wa ziada wa turbo) ya baa 0.8, turbo yako lazima iikandamize hewa zaidi ya mara 2.2, ilhali ya Mombasa inatosheka na mara 1.8. Kwa hiyo inazunguka kasi zaidi na kupata joto zaidi, na oili isipofika vizuri inaungua mlemle ndani. Anayekuambia "hii ilifanya kazi vizuri Mombasa" hajakuambia chochote kuhusu mlima wa Mau Summit.

Ndiyo maana kabla ya kutaja chapa yoyote nakuomba utenge pesa za vitu hivi: bolti mpya yenye kichungio kipya, paipu mpya ya kupeleka oili, gasketi zake, na paipu ya kurudisha iliyo safi. Ya kurudisha ishuke bila kona kali, iingie juu ya usawa wa oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), la sivyo oili itajaa ndani ya turbo na kutokea upande wa ekzosi. Kama turbo ya zamani ilivunjika, fungua intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) uioshe na umwage oili yote, maana chembe za chuma zilizobaki zitakula beringi za injini. Sampu ikiwa chini, angalia pia bomba linalofyonza oili. Kwenye EJ hupasuka pale lilipounganishwa, na ufa wake ni mwembamba kama unywele.

Sasa chapa. Sifichi: mimi ni mtu wa IHI, kampuni ya Kijapani inayotengeneza turbo. Mfululizo wao wa VF ulitengenezwa kwa ajili ya Subaru, na kwa gari la barabarani naiweka VF52 mbele ya zote. Ndiyo iliyotoka kiwandani kwenye WRX za Marekani za 2009 hadi 2014. Inaamka mapema, haihitaji ukate chuma, na ukiwa Lanet nyuma ya matatu unaisikia imeshashika kabla hujakanyaga hadi chini. Ukiipata mpya, ndani ya boksi lake na namba zikisomeka, nunua. Kompyuta ya gari lazima ipangwe upya, na apangaye ajue kwamba petroli yetu ya kawaida haifiki okteni (uwezo wa kutowaka kabla ya wakati) ya ile bora ya Japani. Mwenye Legacy GT au STI ya Japani ambayo ekzosi yake inaingia turbo kwa matundu mawili asikimbilie VF52. Haikai pale. Atafute VF ya aina yake.

Ya pili ni TD04 ya Mitsubishi iliyokuja na Forester yako, ikatiwa kiini (shafti na beringi zake) kipya halisi. Haitakupa nguvu za ajabu, ila kwa mtu anayetaka kufika Eldoret na kurudi, sioni aibu yake.

Garrett naiweka ya tatu, na najua nitabishiwa. Ni turbo bora sana. Lakini zile za beringi za gololi hutaka oili ipunguzwe kwa tundu la takriban milimita 1, na katika magari mawili niliyoyaona hapa mjini fundi hakuliweka kabisa. Ongeza mabomba mapya, klachi na kompyuta, na bei inakuwa ya gari la pili.

Mtumba, ukilazimika: sukuma shafti ndani na nje. Ikicheza hata kidogo, iache. Mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida kwa beringi zisizo za gololi, mradi pangaboi la turbo lisiguse ukuta wake. Nakala za bei rahisi zisizo na jina sitazieleza.

Wauzaji wananikera. Yule aliyeniuzia alikataa hata kuiangalia iliporudi. Alinionyesha kibao ukutani: spea hazirudishwi. Halafu bei hupangwa kwa kutazama gari uliloshuka, na ukiwa mwanamke hupangwa mara mbili. Na ile bolti? Nilizunguka maduka manne nikiitafuta. Watatu walitaka kuniuzia turbo nzima. Wa nne aliingia nyuma, akarudi na bolti kuukuu aliyoing'oa kwenye injini iliyokufa, kichungio chake kikiwa kimejaa lami kama changu.